Daktari Hafundwi kwa Matusi

Jana hapa kijiweni mama wa mihogo alisonya hadi wacheza drafti wakainua vichwa. Alikuwa ndiyo kwanza amekata simu ya bintiye. Binti yuko mwaka wa mwisho kwenye chuo kimoja cha utabibu. Chuo sikitaji, wala hospitali anayofanyia mazoezi siitaji, kwa sababu mtoto bado anataka kumaliza salama. Asubuhi ile, kwenye raundi, mkubwa wake alimgeukia ghafla akamuuliza dozi ya sindano ya kichanga aliyelala pale mbele yao. Dawa yenyewe ni ile inayopigiwa hesabu kwa kilo za mtoto, ukiizidisha unaweza kumharibia figo na masikio. Binti akajibu, "Sina uhakika, naomba niangalie kwanza." Basi. Wodi nzima, kina mama na watoto wao mikononi, ikasikia akiambiwa kwamba udaktari si kazi ya watoto wa uswahilini, arudi kwao akamsaidie mama yake kuuza mihogo.

Na kweli mama yake anauza mihogo. Hapahapa Wazo, kando ya barabara wanayopita malori ya saruji, na kwa mihogo hiyo amelipa ada tangu binti akiwa kidato cha kwanza.

Jamani, hebu turudie maneno ya huyo mtoto: sina uhakika, naomba niangalie kwanza. Mimi nikilazwa leo Mwananyamala, au popote pale, mtu wa kwanza ninayemtaka kitandani kwangu ni huyo. Simtaki anayebahatisha kwa sauti kubwa ili asiaibike. Namtaka anayejua kwamba hajui, na anayethubutu kulisema. Sasa huyo ndiye aliyetukanwa. Kesho akiulizwa tena atafanya nini? Atabahatisha. Ndivyo alivyofundishwa, na somo limemwingia vizuri kuliko hesabu ya dozi.

Kijiwe kikagawanyika hapohapo. Fundi ujenzi wetu, mtu ninayemheshimu kwa kazi yake, akasema tunadekeza watoto. "Mimi fundi wangu alikuwa ananichapa na pima maji mgongoni. Leo nani anapandisha ukuta kunishinda hapa Tegeta yote? Kazi ya watu lazima ukomazwe." Wawili watatu wakaitikia. Nikamjibu palepale na narudia hapa: fundi, ukuta wako ukipinda unabomoa, unapandisha upya, hasara ni tofali na saruji. Kichanga akizidishiwa dawa hakuna cha kupandisha upya. Halafu nikamuuliza, zile siku ulizokuwa unachapwa, ukikosea kipimo ulikuwa unamwambia fundi wako, au ulikuwa unapiga lipu juu ufiche? Akacheka, akasema, "Nilikuwa napiga lipu."

Haya. Wodini lipu ni nini? Ni faili lililojazwa presha ambayo haikupimwa. Ni mgonjwa aliyeandikwa "anaendelea vizuri" na mtu aliyeogopa kumwamsha mkubwa usiku.

Huo usiku bodaboda wetu wanaujua kuliko sisi. Yupo kijana mmoja anaegesha pale kituoni, amebeba wagonjwa wengi saa ambazo daladala zimelala. Anasema ukifika usiku wa manane unamkuta daktari mdogo peke yake, macho mekundu, koti lina doa la damu ya tangu mchana, na mbele yake kuna foleni. Siku moja alimsikia mmoja akimwomba muuguzi ampigie simu bingwa. Muuguzi akamwambia, "Piga wewe, mimi sitaki kutukanwa." Wakatazamana. Simu ikakaa mezani dakika nzima kabla ya mmoja wao kuichukua. Bodaboda anasema mgonjwa wake alikuwa anapumua kwa shida muda wote huo.

Dakika ile ndiyo nataka tuizungumze. Ni mali ya mgonjwa, na kuna mtu ameichukua.

Mama wa mihogo akatuonyesha picha kwenye simu. Bintiye alimtumia ukurasa wa kitabu chake cha mazoezi, kile ambacho kila kazi anayoifanya mwanafunzi wodini lazima iandikwe humo na isainiwe na msimamizi. Nilikichungulia kwa makini. Mwandiko wa binti ni mzuri, umenyooka. Kuweka kanula, tarehe. Kushona jeraha, tarehe. Kuzalisha, tarehe, kuzalisha tena, tarehe. Halafu safu ya mwisho kulia, ya saini, nyeupe kuanzia juu mpaka chini. Kazi amefanya, watoto wamezaliwa na pengine wameshaanza kukaa, saini hana. Kila akipeleka kitabu anaambiwa njoo kesho. Akienda kesho anatumwa chai na chapati mbili. Anatumwa vocha. Anatumwa kupeleka sampuli maabara ambazo si za mgonjwa wake. Na bila saini hizo hafanyi mtihani wa mwisho, na asipofanya mtihani, miaka yote ya mihogo imekwenda na maji.

Watu wanadhani uonevu wa vyuo vya udaktari ni hasira za watu waliochoka. Uchovu upo, sikatai. Madaktari nchi hii ni wachache, wagonjwa ni wengi, na mtu aliyeamka na upasuaji alfajiri akimaliza jioni hana ulimi wa asali. Lakini uchovu unaweza kueleza mtu kupaza sauti. Hauelezi saini iliyozuiwa miezi na miezi. Mtu aliyechoka kweli angesaini haraka akalale. Anayezuia saini anajua anachofanya: mwanafunzi ana shida naye, na hana mwingine wa kumwendea. Anayemfundisha ndiye anayemtukana, ndiye anayemsainia, na mara nyingi ndiye atakayekaa mbele yake siku ya mtihani wa mdomo. Ukimlalamikia, unamlalamikia nani? Unapeleka barua kwa rafiki yake anayekula naye mchana.

Na pale ambapo mtu mmoja ameshika saini yote, shetani hachelewi kuja. Kuna wasichana wanaoombwa kitu kingine badala ya chapati. Hili tuliseme wazi, tusing'ate maneno. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe huduma au haki ya mtu ametenda kosa la jinai. Sheria ipo tangu binti huyu hajaanza shule. Novemba 2018, siku Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa kinamkaribisha Rais Magufuli kufungua maktaba mpya, mhadhiri wa hapohapo, Dk. Vicensia Shule, aliandika hadharani mtandaoni kwamba rushwa ya ngono imekithiri chuoni kwao. Nchi nzima ilizungumza. Wengine walimshukuru, wengine walimuuliza kwa nini ameaibisha chuo. Tazameni swali hilo lilivyokaa. Aliyesema ndiye anayeaibisha, aliyetenda anaendelea kusahihisha pepa. Na yule alikuwa mhadhiri, ana shahada yake mkononi tayari. Mwanafunzi wa utabibu aliyebakiza miezi sita atatoa wapi ujasiri huo?

Hapo mzee wa kahawa akaweka chini birika. Huyu mzee huwa hachangii mpaka akusanye vikombe, na akichangia huwa ana jambo. Akasema, "Mnazungumza kana kwamba mambo haya yako mbali. Mabwepande ni wapi?"

Mabwepande ni hapo tu. Unapita Boko, unafika Bunju, unaingia ndani. Nilitaka vijana wasikie vizuri, maana wengi wa bodaboda mwaka 2012 walikuwa shule ya msingi na wanaisikia hadithi ya mgomo wa madaktari vipandevipande. Ilianza na madaktari wa mafunzo kwa vitendo, tunaowaita intani. Mtu akishamaliza miaka mitano ya shahada, anatakiwa afanye kazi mwaka mzima hospitalini chini ya wakubwa kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Anafanya kazi yote, usiku na mchana, lakini bado anahesabika yuko mafunzoni. Kuelekea Januari 2012, intani wa Muhimbili walikuwa hawajalipwa posho zao kwa wakati. Wakagoma. Walijibiwa kwa kuondolewa Muhimbili na kurudishwa wizarani ili wapangiwe hospitali nyingine. Umedai chakula, unahamishwa nyumba. Madaktari wakubwa wakaona hapana, mgomo ukasambaa nchini.

Tarehe 9 Februari Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda Muhimbili kukutana nao, akatangaza kuwasimamisha Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya, Blandina Nyoni, na Mganga Mkuu wa Serikali, Dk. Deo Mtasiwa. Mei, Waziri Haji Mponda na naibu wake Lucy Nkya wakaachwa nje baraza lilipopangwa upya. Juni mgomo ukarudi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Juni, kiongozi wa Jumuiya ya Madaktari, Dk. Steven Ulimboka, akatekwa, na asubuhi akaokotwa msitu wa Pande huko Mabwepande, amepigwa vibaya, ameng'olewa meno na kucha. Alipelekwa Muhimbili, kisha Afrika Kusini. Serikali ilikana kuhusika. Mtu mmoja alishtakiwa, kesi hiyo ikaishia kufutwa. Na Julai, Baraza la Madaktari Tanganyika likasimamisha usajili wa muda wa mamia ya intani waliogoma.

Mzee anasema asubuhi ile magari yalipita barabara ya Bagamoyo yakipiga king'ora, na watu hapa walikuwa wanaulizana nani amekufa.

Mtu anaweza kusema ile ilikuwa siasa na mgomo, haihusiani na binti anayetukanwa wodini. Inahusiana. Kizazi kizima cha wanafunzi wa udaktari kilikuwa kinatazama. Kiliona kwamba intani akilalamika anahamishwa, anasimamishwa, na anayemsemea anaokotwa msituni. Baada ya hapo huna haja ya kumtisha mtu tena. Anajitisha mwenyewe.

Sasa kuna jambo moja linaniuma kuliko yote, na nataka niliseme kwa hao intani wenyewe. Intani wa mwaka 2012 leo ni watu wazima. Wengi wamesoma tena, wamekuwa mabingwa, wanaongoza raundi. Ninyi ndio mliokaa nje ya wodi mkiwa hamna nauli. Ninyi ndio mlioambiwa hamna adabu. Mnajua tumbo linavyokata ukimwona mkubwa anaingia wodini na wewe hujala tangu jana. Ikiwa leo kuna mmoja wenu anayemwambia mtoto wa muuza mihogo arudi kwao, huyo nashindwa kumwelewa kabisa. Wengine mnafundisha vizuri, najua, nimewaona kwa macho yangu: bingwa anamvuta mwanafunzi pembeni, mbali na masikio ya mgonjwa, anamwambia hapa umekosea, njoo tufanye hesabu pamoja. Inachukua muda uleule wa kutukana.

Na kuhamisha watu kama fimbo hakukuanza 2012. Hapo mzee wa kahawa alitupeleka mbali. Wakati wa Mwingereza, Mtanganyika aliyetaka udaktari alikwenda Makerere. Akirudi na cheti chake hakuwa sawa na daktari wa Kizungu: aliajiriwa kama msaidizi, kwa cheo kilichotamka wazi Uafrika wake na mshahara mdogo zaidi. Elimu ya udaktari ya Makerere ilitambuliwa rasmi na baraza la madaktari la Uingereza mwaka 1957 tu. Mmoja wa watu hao alikuwa Dk. Vedasto Kyaruzi. Mwaka 1950 akawa rais wa TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU. Wakubwa walipoona anasikilizwa mjini Dar es Salaam, walimhamishia Kingolwira, hospitali ya gereza karibu na Morogoro, na baadaye Nzega. Watu wa mjini walielewa maana ya uhamisho ule bila kuelezwa. Chuo cha kwanza cha udaktari hapa kwetu, Dar es Salaam Medical School, kilifunguliwa mwaka 1963 ili Mwafrika asome kwao, kwa heshima yake. Ndicho kilichokuja kuwa MUHAS. Tulijenga majengo, tukafukuza cheo kile cha dharau, lakini ile sauti ya kumwita mtu mdogo mbele ya wagonjwa wake tuliiacha ibaki wodini.

Fundi alikuwa hajamaliza. Akasema, "Lakini hata Ulaya na Marekani wanakesha, ndiyo taratibu ya kazi yao." Nikafurahi alivyolisema, maana taratibu hiyo ina mwanzo na ina watu. Utaratibu wa daktari kijana kuishi hospitalini miaka, kuitwa saa yoyote na kupanda ngazi kwa kuchujwa, uliwekwa mwishoni mwa karne ya 19 hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na daktari wa upasuaji William Halsted. Alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Alikuwa pia amezoea kokeini, aliyoanza kuitumia alipojijaribia mwenyewe dawa ya ganzi, na matibabu yake yakamwachia uraibu wa mofini. Mtu huyo ndiye aliyeweka kipimo cha kukesha. Wamarekani wenyewe walikuja kushtuka. Mwaka 1984 msichana wa miaka 18, Libby Zion, alifia hospitali ya New York akiwa mikononi mwa madaktari vijana waliokuwa kwenye zamu ndefu. Baba yake hakunyamaza, na mwaka 1989 jimbo la New York likaweka ukomo wa saa 80 kwa wiki. Nchi nzima ikafuata mwaka 2003. Saa 80 bado ni nyingi, lakini angalau mtu alizihesabu.

Na matusi nayo waliyahesabu. Daktari wa watoto wa huko huko, Henry Silver, alikuwa amezoea kuwaona watoto wanaoteswa majumbani. Siku moja akagundua kwamba wanafunzi wake wa udaktari wanaingia chuo wakiwa wachangamfu, baada ya muda wanakuwa na dalili zilezile: woga, kununa, kutomwamini mtu. Aliliandika hilo mwaka 1982. Mwaka 1990, yeye na mwenzake wakachapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa chuo kimoja. Karibu nusu walisema wameshanyanyaswa, na kwa wale wa mwaka wa mwisho walifika wanane kati ya kumi. Kwa hiyo fundi, hata huko hawakukomazwa. Waliumizwa, na mtu mmoja akawa na akili ya kuwauliza.

Majirani zetu Kenya nao walililia jambo hilihili. Mwaka 2024 madaktari wao waligoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, na kiini cha ugomvi kilikuwa intani: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi badala ya zaidi ya 200,000 zilizokuwa kwenye makubaliano ya 2017. Hata kabla mgomo haujaanza, tarehe 29 Februari, katibu mkuu wa chama chao cha KMPDU, Dk. Davji Atellah, alipigwa kichwani na kopo la bomu la machozi barabarani Nairobi, akiandamana kwa ajili ya hao intani. Septemba ya mwaka huohuo intani mmoja wa hospitali ya Gatundu, dada wa watu, alijiua. Chama kilisema alikuwa ametoka zamu ya saa 36 na kodi ya nyumba ilikuwa imemlemea. Desemba serikali ikakubali kurudisha malipo ya zamani. Siku 56, kichwa kilichopasuliwa na kaburi moja, ndipo wakapewa kilichokuwa chao tangu mwanzo.

Mama wa mihogo alisikia habari ya Gatundu akashika simu yake kwa mikono miwili. Alituuliza, "Na wangu je?" Mzee akamwambia ampigie kila jioni, asimuulize masomo, amuulize amekula nini na amelala saa ngapi. Nadhani hakuna ushauri bora kuliko huo kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wodini. Na kama mtoto anasema hataki kuishi, usimkemee wala usingoje wikiendi. Panda gari, mfuate.

Nirudi kwetu, maana kuna mtu wa tatu katika kisa hiki ambaye hajatajwa, na ndiye mwenye wodi. Mgonjwa. Kwenye wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwauliza kina mama waliojifungulia katika vituo vya afya kama walitendewa vibaya. Walipoulizwa mlangoni, wakitoka, karibu mmoja kati ya watano alisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani baada ya wiki kadhaa, wakiwa wamekaa kwao na hawaogopi, ikawa zaidi ya mmoja kati ya wanne. Kufokewa, kudharauliwa, kupigwa makofi, kuachwa peke yao. Utafiti ulichapishwa mwaka 2014.

Bodaboda wetu aliposikia hilo akasema mke wake aliambiwa na muuguzi kijana, uchungu umemkaba, "Ulipokuwa unaitafuta hukulia." Sote tunayajua maneno hayo. Yametembea nchi nzima. Je, muuguzi kijana aliyatoa wapi? Hakuzaliwa nayo. Chuo hakina somo hilo. Aliyasikia wodini akiwa mwanafunzi, kutoka kwa aliyekuwa anamsainia, na siku hiyo pengine yeye mwenyewe alikuwa ametoka kutukanwa. Mwanafunzi anajifunza kwa macho zaidi kuliko kwa daftari. Ukimwonyesha kwamba aliye chini hutemewa maneno, siku akipata wa chini yake atatema. Na wodini hakuna aliye chini kuliko mama aliyelala chali kwenye kitanda cha kujifungulia. Wizara inaweza kutundika mabango ya lugha nzuri kwa wateja kila ukuta, lakini kama anayepita chini ya bango ametukanwa saa mbili asubuhi, bango halitamsaidia mke wa bodaboda saa nane usiku.

Saa hizo jua limeshuka, drafti imesahaulika, kila mtu anasema lake. Mmoja anataka twende na kamera. Mwingine anataka jina la huyo mkubwa lirushwe mitandaoni leo hii. Mama akakataa kabisa, na nilimuunga mkono. Jina likirushwa, kesho asubuhi wote wodini watajua ni mtoto wa nani. Tutapongezana hapa kijiweni, yeye atakula sapu kule.

Mzee wa kahawa ndiye aliyetuliza. Akaagiza karatasi dukani kwa mangi, akaniambia niandike. Tuliandika kama wazazi, kwenda kwa mkuu wa chuo na nakala kwa mganga mfawidhi wa hospitali. Tulisema kitabu cha mwanafunzi kisainiwe na yeyote kati ya wasimamizi wawili, na kazi iliyofanyika ikikaa wiki mbili bila saini na bila sababu iliyoandikwa, chuo kiingilie chenyewe. Tulisema anayepokea malalamiko asiwe mtu wa wodi hiyo wala asiwe mtahini, na jina lake na namba yake vibandikwe bwenini. Tulisema mwanafunzi akikosea akosolewe pembeni, isipokuwa pale mgonjwa anapokuwa hatarini muda huohuo. Fundi akaongeza la kwake, na ni zuri: kila mwisho wa mazoezi wanafunzi wote waulizwe kwa karatasi isiyo na jina jinsi walivyotendewa, na majibu yasomwe na bodi ya chuo, siyo na wodi. Aliposema hivyo nilimtazama, akaniambia, "Mimi nasema ukomavu. Sikusema mtoto anyimwe haki yake."

Kuna aliyeuliza kama barua itasomwa. Sijui kama itasomwa mara ya kwanza. Ndiyo maana haina jina la mtoto hata mmoja, na ndiyo maana tunataka sahihi nyingi. Wazazi wenye watoto vyuo vya afya, wa uuguzi, wa utabibu, wa maabara, wa famasia, kuanzia Tegeta hadi Bunju na Madale, karatasi iko dukani kwa mangi mpaka Ijumaa. Mama wa mihogo na mzee wa kahawa wanaipeleka Jumatatu asubuhi, na nauli tumeshachanga.